Chupa iliyokataa kupungua

Nilikuwa nimepiga magoti mbele ya gari, grili nimeilaza pembeni, tochi nimeibana kwa meno. Mkononi nilikuwa na sirinji kubwa ya plastiki, ile isiyo na sindano, yenye mpira mwembamba mdomoni. Nikasukuma. Mafuta ya gia yaliingia kidogo kwenye tundu la bolti, juu ya mtungi mmoja wa usukani, yakasita, kisha yakanirudia. Yalichuruzika juu ya kifuniko, yakateremka kwenye boriti ya chasisi, na mengine yakaishia kwenye goti la suruali, ambako yalinuka mpaka usiku.

"Imejaa," nikajiambia.

Nikafuta, nikarudisha bolti, nikaikaza, nikasimama kunyoosha mgongo. Kazi niliyoiogopa kwa miezi ilikuwa imekwisha kwa dakika 20. Nilipogeuka kutafuta kifuniko cha chupa ndipo nikaiona. Chupa ya nusu lita, niliyoifungua asubuhi ile ile kwa kazi hiyo moja, ilikuwa bado imejaa hadi mabegani.

Nikaifunga, nikaiweka rafuni, nikaenda kunawa.

Wiki sita zilizofuata, kila nilipopita pale, chupa ilinitazama.

Mtungi usio na mlango

Gari ni Land Rover Series IIA, toleo lililotengenezwa kati ya 1961 na 1971. Wasomaji wa siku nyingi mnalijua na pengine limeshawachosha, kwa hiyo nitaruka habari za rangi na ule mlango wa nyuma. Leo tuna kipande kimoja tu cha usukani, kinachoitwa rilei. Haina uhusiano wowote na rilei za umeme.

Sanduku la usukani kwenye gari hili liko nyuma, karibu na miguu ya dereva, na magurudumu yako mbele kabisa. Ukizungusha usukani, mwendo unasafiri kwa fimbo ndefu hadi mbele, unafika kwenye mkono wa chuma, na mkono huo unazungusha shafti iliyosimama wima ndani ya mtungi. Mtungi wenyewe umepenyezwa kwenye boriti ya mbele ya chasisi, umetokeza juu na chini. Chini kuna mkono mwingine unaopokea mwendo na kuupeleka kwenye magurudumu. Kila kona unayokata inapita mle.

Ndani kuna shafti, bushi zilizopasuliwa vipande, na springi nene iliyobanwa katikati yao. Springi inazisukuma bushi ziikumbatie shafti, ili tairi likigonga jiwe, lile teke lisimfikie dereva lote mikononi. Mimi naliona wazo zuri sana. Lakini tazama lilivyo: ni kifaa kilichoundwa kisugue, miaka nenda miaka rudi.

Sasa tafuta pa kutilia mafuta. Kwenye langu hakuna plagi, hakuna kijiti cha kupimia, hakuna nipeli ya grisi. Kuna kifuniko cha juu kilichoshikwa na bolti nne, na mafuta yanaingia kupitia matundu ya bolti hizo. Asiyeambiwa anaweza kuendesha gari maisha yake yote bila kujua kwamba mle mna chombo cha mafuta. Wengi hawakuambiwa. Ndiyo maana wenye magari haya wakisimuliana habari za rilei, mara nyingi ni habari za nyundo, moto wa gesi na matusi: iliyokauka huingiwa na maji, hushika kutu, na mtungi ukashikamana na boriti kama uliochomelewa.

Yangu ilikuwa bado inazunguka. Nilitaka iendelee hivyo.

Kibaba

Haba na haba hujaza kibaba. Nimeisikia methali hiyo tangu utotoni na sikuwahi kuiuliza swali. Sasa ninalo. Kibaba chenyewe utajuaje kimejaa, ikiwa huoni ndani?

Kwenye gari la zamani jibu ni moja karibu kila mahali: tia mpaka yafurike. Difu, ile nyumba ya gia katikati ya ekseli, ina plagi ya kipimo; unatia mpaka mafuta yaanze kudondoka kwenye tundu, kisha unafunga. Transifa, ile giaboksi ndogo inayogawa nguvu mbele na nyuma, vivyo hivyo, na zile nyumba za duara nyuma ya magurudumu ya mbele, zenye mpira wa chuma unaong'aa, vivyo hivyo. Ni kipimo cha busara. Hakihitaji kioo wala namba, na fundi mwenye taa ya chemli anaweza kukitumia. Nilikuwa nimekizoea kiasi cha kutokifikiria tena.

Kwa hiyo wiki ya kwanza nilijihesabia sababu za kutohangaika. Pengine rilei ilikuwa na mafuta tayari. Pengine springi na bushi zimechukua nafasi yote na kilichobaki ni kijisehemu. Pengine mwenye gari aliyenitangulia aliyatia, mtu makini, Mungu ambariki.

Hilo la mwisho lilinipendeza kuliko yote. Nililishikilia kwa siku kadhaa, hata nikamwonea fahari mtu nisiyemjua.

Kisha usiku mmoja, nikiwa karibu kusinzia, nikazikumbuka zile bolti.

Vichwa vyake vilikuwa vimefunikwa na rangi nyeusi ya chasisi. Rangi ilikuwa imelala sawasawa juu ya vyote vinne na kujaza pembe zake, bila kovu hata moja la spana. Mimi mwenyewe ndiye niliyeipasua kwa kisu ili spana ishike, na niliipasua kwenye bolti moja tu. Kwa vyovyote, tangu siku gari lilipopakwa rangi ile, hakuna mkono uliogusa pale. Na rangi ile ni ya zamani.

Usukani una maneno mengi

Dalili zilikuwepo, nisijifanye. Usukani ulikuwa mzito, na ukimaliza kona haukurudi katikati wenyewe. Ilibidi uurudishe kama mtu anayefunga mlango uliovimba. Lakini usukani wa gari la umri huu una sababu nyingi za kuwa mzito. Tairi zikipungua upepo, unakuwa mzito. Sehemu za kugeuzia magurudumu zikikauka, mzito. Sanduku lenyewe likichoka, mzito. Kumlaumu mmoja katika watu wanne bila ushahidi ni dhuluma, hata kama ni vipande vya chuma.

Nikaamua kuwahoji mmoja mmoja.

Upepo wa tairi ulikuwa sawa. Nikaweka vizuizi kwenye magurudumu ya nyuma, nikapandisha mbele kwa jeki, nikaliketisha gari kwenye vigingi vya chuma. Nikachomoa fimbo inayotoka kwenye mkono wa chini wa rilei. Nikayashika magurudumu kwa mikono na kuyasukuma kushoto, kulia. Yalikwenda bila ugomvi. Hao wawili wakaachiwa huru.

Nikachomoa fimbo ya juu pia, nikaenda kukaa kwenye kiti na kuzungusha usukani. Ulikuwa mwepesi. Sanduku nalo likaachiwa.

Akabaki mmoja, mtungi wake umesimama pale mbele, mikono miwili ya chuma ikining'inia hewani.

Niliushika mkono wa chini nikauvuta. Ulikuja kwa ugumu. Hilo nililitarajia, maana springi ile ndani ina kazi yake na rilei nzima haitakiwi kuzunguka kama feni. Lakini ugumu huu haukuwa wa namna moja njia nzima. Uling'ang'ania, ukaachia kwa mruko mdogo, ukang'ang'ania tena. Niliurudisha, ukafanya vile vile mahali pale pale.

Niliuvuta huku na huku, nadhani mara 30, nikijaribu kujishawishi kwamba mruko ule ni kiganja changu. Ugumu laini ungeniambia springi inafanya kazi. Ugumu wa kukwama na kuachia ulikuwa unaniambia kitu kingine, nami nilikijua.

Na bado nilikuwa nimeona mafuta yakifurika. Kwa macho yangu.

Swali la mzee

Yupo fundi mmoja mstaafu ambaye humpigia simu nikishindwa. Simpigii mara nyingi, kwa sababu kila nikimpigia najifunza jambo kuhusu gari na jambo jingine kuhusu mimi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Limelala wapi leo?"

"Halijalala. Ni rilei, mzee. Nilitia mafuta, yakafurika, lakini chuma bado kikavu."

"Ulifungua bolti ngapi?"

"Moja."

Kimya. Nilimsikia anahamisha simu kutoka sikio moja kwenda jingine.

"Na hewa uliiambia itokee wapi?"

Nilibaki nimeshika simu. Kila mtu anajua kwamba debe la mafuta hulitoboi tundu moja. Unatoboa mawili, moja la kumiminia na moja la kuvutia pumzi. Nimelifanya hilo tangu nikiwa mdogo, bila kufundishwa. Na bado nilichukua mtungi uliozibwa kila upande, nikaufungulia tundu dogo kuliko ncha ya kidole, nikalijaza tundu lenyewe mafuta mazito na kushangaa kwa nini hayashuki. Maji yangeshuka kwa kugugumia, hewa ikipishana nayo. Mafuta ya gia hayagugumii, hasa yakiwa baridi kwenye tundu jembamba. Yanakaa pale juu kama kizibo. Kilichofurika siku ile kilikuwa ni yale yale niliyotia, yamekosa njia na kurudi. Chini yake ulikuwa mtungi mzima wa hewa na kutu.

Mzee hakunicheka. Angenicheka ningejisikia afadhali.

"Fungua mbili zinazotazamana," akasema. "Moja mlango, moja dirisha. Na usiwe na haraka."

"Nisingeitoa tu, nikaifungua nikaisafisha?"

"Wewe? Hapana." Akasita kidogo, pengine aliona amekuwa mkali. "Springi ile, mwanangu, haina urafiki na mtu. Ukiitoa bila kuifunga inaruka, na hujui inaruka kwenda wapi. Usiifungue kwa kujaribu."

Nimesoma baadaye jinsi wenzangu wanavyoifungua: wengine huifunga kwa gunia, wengine huisukumia nje ndani ya bomba nene lililozibwa upande mmoja, uso wameuweka mbali. Nikaona mzee alikuwa ameniambia kwa upole.

Mlango na dirisha

Jumamosi nilianza na brashi ya waya. Kabla ya kufungua chochote nilisugua kifuniko chote cha juu, nikafuta vumbi na rangi iliyopasuka, maana kila chembe iliyoko juu ya tundu ina hamu ya kuingia ndani. Nikafungua bolti mbili za mkabala.

Chupa nilikuwa nimeisimamisha kwenye ndoo ya maji ya moto kwa robo saa. Hapa nina neno dogo pembeni. Watu wanaona 90 kwenye chupa ya mafuta ya gia wanadhani ni mazito maradufu kuliko mafuta ya injini ya 40. Si hivyo. Ni vipimo viwili tofauti, kimoja cha injini na kimoja cha gia, vilivyopangwa kwa namba zisizoingiliana ili mtu asichanganye chupa. Yakishapata moto wa kazi, gia 90 yanalingana kwa uzito na injini ya 40 hadi 50. Yakiwa baridi ndiyo yanaonekana kama asali. Kwa hiyo ukiyapasha kidogo unayapa miguu.

Mpwa wangu alikuwa amekuja kushinda, nikamketisha kwenye kiti cha dereva. Fimbo zilikuwa zimesharudishwa, magurudumu ya mbele yako hewani bado.

"Mjomba, kulia au kushoto?"

"Subiri kwanza."

Nikasukuma sirinji, kiasi cha kijiko cha chai. Mafuta yakajaa kwenye tundu, yakang'aa, yakatulia kama siku ile. Tundu la pili halikuonyesha kitu. Nikasubiri. Moyoni nilianza kutunga maneno ya kumwambia mzee.

Kisha kwenye tundu la pili likachomoza povu moja la rangi ya kahawia. Likavimba taratibu kama jicho la chura, likakaa, likapasuka bila sauti. Na kwenye tundu langu mafuta yakazama, yakapotea kabisa.

"Sasa kulia," nikasema. "Polepole. Kidogo tu."

Mapovu mawili yakafuatana.

"Kushoto."

Matatu.

Tukaendelea hivyo. Kijiko, kusubiri, kulia, kushoto. Mpwa wangu alipochoka kuzungusha alikuja kuchuchumaa karibu yangu akawa anahesabu mapovu, na alipofika sitini na ngapi sijui akasema hii ndiyo kazi ya kijinga kuliko zote alizowahi kuona, akaenda zake ndani. Sikuwa na la kumjibu. Nikabaki nasukuma kwa mkono mmoja, na kila baada ya muda nanyanyuka kwenda kuzungusha usukani mwenyewe, narudi, napiga magoti, natazama tundu.

Saa ya tatu hivi mafuta yalitokea kwenye dirisha. Safari hii hayakurudi kwa mlango. Yaliingia huku yakatokea kule, yakiwa machafu, yenye chembe za kutu, kisha yakaanza kutoka safi.

Nikaacha wazi usiku kucha, nimefunika kwa kitambaa kisafi. Asubuhi kiwango kilikuwa kimeshuka. Nikaongeza. Jioni kilikuwa kimeshuka tena, kidogo zaidi. Nikaongeza. Nilipopiga hesabu ya sirinji, nilikuwa nimetia zaidi ya mara kumi ya yale ya siku ya kwanza.

Nikarudisha bolti. Nikalishusha gari chini, nikatoka nalo kwa mwendo wa pole. Kona ya kwanza usukani ulikuwa bado mzito. Ya pili pia. Sikumbuki ni ya ngapi ulipoanza kurudi wenyewe mikononi mwangu, maana ulianza kidogo sana, kama mtu anayekuvuta nguo.

Mafuta hayazaliani

Hapo ningeweza kufunga makala. Lakini ukishajua kwamba kitu kimoja kilikudanganya kwa njia fulani, unaanza kuwakumbuka wengine waliokuambia maneno yale yale.

Transifa, kwa mfano.

Kwa mwaka mzima transifa ya gari hili ilikuwa fahari yangu. Nikifungua plagi ya kipimo, mafuta yanaruka nje, hata sijaitoa plagi yote. Imejaa pomoni! Nilikuwa nafunga haraka yasimwagike, naandika kwenye daftari "transifa sawa", naendelea na mengine. Mwezi mwingine, vivyo hivyo. Sikuongeza hata tone, na kila mara inamwagika.

Mafuta hayazaliani.

Nililala chini ya gari nikilitazama boma lote lile la chuma, giaboksi kubwa mbele na transifa nyuma yake, zimeshikana. Kila moja ina mafuta yake. Kitabu kinasema giaboksi inachukua painti 2.5, yaani karibu lita 1.5, na transifa painti 4.5, yaani karibu lita 2.5. Kati yao kuna shafti inayopita, na penye shafti pana sili, na sili huchakaa. Ikichakaa, mafuta ya jirani mmoja yanahamia kwa mwingine, na nje hakuna tone linaloonekana.

Nikafungua plagi ya giaboksi kubwa. Hakikutoka kitu. Nikaingiza kidole cha shahada, nikakikunja kuelekea chini. Kidole kilirudi na unyevu kwenye ncha ya kucha.

Mwaka mzima nilikuwa nafurahia kufurika kwa moja, na jirani yake anakauka.

Kuijaza giaboksi ile kuna adha yake. Plagi iko mahali ambapo chupa haiwezi kuinama. Ukiielekeza tunduni, unamwagia chasisi. Wapo wanaotumia pampu ya mkono. Mimi niliinua kifuniko cha sakafu, nikateremsha mpira mrefu unaoonyesha ndani, juu nikauwekea faneli, chini nikauchomeka tunduni, na safari hii mpwa wangu alikubali kumimina kwa masharti ambayo sitayataja. Mpira ukionyesha ndani unaiona hewa inavyopanda na mafuta yanavyoshuka. Ningekuwa na mpira ule siku ya kwanza kwenye rilei, labda nisingeandika haya.

Kwa wanaoanza: kabla hujafungua plagi ya kumwagia ya chombo chochote, fungua kwanza ile ya kutilia. Ikikataa kufunguka, bado una gari linalotembea. Ukianza na ya chini halafu ya juu ikagoma, una gari tupu. Na mkisoma painti kwenye vitabu vya magari ya Uingereza, ni painti ya huko, mililita 568. Ya Marekani ni 473. Kwenye difu inayochukua painti tatu, tofauti hiyo inakaribia glasi nzima.

Difu nayo nilirudi kuipima. Daftari langu lilionyesha kwamba mara ya mwisho niliipima nikiwa nimepandisha upande mmoja kwa jeki ili nipate nafasi ya kuingia. Gari likiinama, mafuta nayo yanalala upande, na tundu linaona kiwango kisicho cha kweli. Nikaipima tena gari likiwa limesimama sawa na tumbo langu likiwa limegusa sakafu. Ilitaka robo lita.

Zile nyumba za duara za mbele zilikuwa sawa. Nasema kwa haki, maana nimezitaja.

Ugomvi wa GL

Najua mtauliza ni mafuta gani, na najua nikijibu mtagombana.

Kwa ufupi. Mafuta ya gia yana viambato vya salfa na fosforasi vinavyotengeneza utando juu ya chuma pale meno yanapobanana sana; ndiyo ile harufu ya yai viza. Daraja la GL-5 lina viambato hivyo karibu maradufu ya GL-4, kwa ajili ya difu ambazo meno yake yanateleza kwa nguvu yakigusana. Tatizo ni kwamba giaboksi nyingi za zamani zina vipande vya shaba nyekundu na shaba nyeupe, na salfa iliyo kali, hasa penye joto, huzishambulia shaba hizo. Watengenezaji wa leo wengi wanasema wameituliza salfa yao. Huenda. Mimi giaboksi natia GL-4, kwa sababu shaba iliyomo mle imedumu zaidi ya nusu karne na sioni kwa nini niijaribie.

Rilei haina meno ya kubanana. Yaliyokuwa kwenye chupa yalikuwa GL-4 kwa sababu ndiyo yaliyokuwa nyumbani. Anayetaka kubishana kuhusu rilei na abishane, nitamsoma.

Karatasi

Siku ya tatu baada ya kufunga bolti, mpwa wangu aliniita.

"Mjomba, gari lako linakojoa."

Chini ya rilei, sakafuni, palikuwa na duara moja la kahawia, ukubwa wa kitufe cha shati. Juu yake, kwenye sili ya chini ya mtungi, tone lingine lilikuwa linajikusanya.

Nilichuchumaa nikalitazama mpaka likadondoka. Sili ile pengine ilikufa zamani, lakini mtungi mkavu hauvuji, kwa hiyo hakuna aliyejua. Ningeiacha kavu, sakafu yangu ingekuwa safi.

Nilimpigia mzee. Nilidhani atasema sasa itoe. Akauliza linadondoka kwa muda gani. Nikasema sijui.

"Basi ujue kwanza."

Nikaweka karatasi nyeupe chini ya gari, nikaandika tarehe. Kila asubuhi nahesabu, nabadilisha karatasi. Siku lisipotembea, tone moja, mara nyingine hakuna. Likitembea, mawili. Ziko njia nyingine. Wengine hutia grisi nyepesi badala ya mafuta, haivuji sana, ila sina hakika inafika kule chini penye bushi, na "sina hakika inafika" ndilo neno lililonikosesha usingizi wiki sita. Kuing'oa rilei ni siku nzima ya nyundo kwenye boriti ambayo bado nzima, na mwishoni springi ile inanisubiri. Siku itafika. Kwa sasa nimechagua kutia.

Kwa hiyo bolti mbili za mkabala sina haja tena ya kuzipaka rangi. Nimezipaka grisi, na spana yake inakaa kwenye mlango wa gari. Kila mwisho wa mwezi natoa grili, nafungua mlango na dirisha, nasukuma sirinji mpaka nione mafuta upande wa pili.

Chupa iko rafuni pale pale. Ni plastiki nyeupe, ukiiinua kwenye mwanga unaona kiwango. Kila mwezi nachora mstari kwa ncha ya msumari. Jana nimechora wa nne. Uko chini ya wa tatu kwa upana wa kucha ya kidole gumba.